Nyuki Hana Kiberiti

Sauda,

Salamu zako utazipata kesho asubuhi kwa mdomo, pale kwenye gari la Koboko, na kwa kuwa kutakuwa na watu nitakuwa mkali kidogo, usinishangae. Hapa nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu umeyashindwa kwa miaka kumi na moja. Saa hizi umekwenda kwa haboba, mama yangu, kumuaga, naye hakuachi uondoke kabla hujala, kwa hiyo nina muda mpaka magharibi. Nimekaa juu ya gunia la simsim, daftari liko magotini, na mgongo unaniuma pale pale unaponiuma kila siku.

Habari za kufua, kupika na kurudi nyumbani mapema sitakuandikia. Shangazi yako Rehema ana mdomo, atakuambia mwenyewe, na ukisahau atakuambia tena.

Nimechoka, Sauda. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nina miaka thelathini na mitatu na wateja wapya wananiita mama mzee. Nilikuzaa nikiwa na kumi na saba, nimeacha shule katikati, sinia ya pili, na tangu hapo sijawahi kuamka nikalikuta jua limeshatoka. Mtu aliyechoka hukata njia za mkato. Nyingine nilikata huku unaniangalia, na nyingine nilikata na wewe ndani yake.

Watu watakuambia shangazi anakuita umsaidie kubeba jerikeni. Si kweli. Anakuita kwa sababu ya ulimi wako. Tangu alipougua hasikii harufu wala ladha. Aliniambia kwenye simu, "Mariamu, kwangu mimi sasa chai na maji ya kuoshea vyombo ni kitu kimoja." Akacheka. Mtu aliyelea watoto wanne kwa kuuza asali, leo hawezi kujua kilichomo ndani ya chupa yake mwenyewe. Kwa hiyo utakaa naye sokoni, na warina asali wakileta, wewe ndiye utakayesema hii tuchukue, hii tuache.

Hapo ndipo ninapoogopa. Koboko siiogopi, kule ni kwa ndugu wa baba yako, watu watakujua kwa sura. Naogopa kwa sababu ulimi huo nimeufundisha mimi.

Unaijua ile sufuria yetu nyeusi. Tangu urefu wako ulipofika mezani umeshika mwiko wake. Asali ikiganda tunaibandika motoni, inayeyuka, inang'aa, tunaimimina kwenye chupa, na wateja wanaipenda kwa sababu inateremka kama mafuta. Siku moja uliniuliza, "Mama, mbona ikiwa motoni nyumba nzima inanukia maua, halafu kwenye chupa hainukii?" Nikakujibu kwamba asali ndivyo ilivyo. Nilikudanganya. Ile harufu iliyokuwa inajaa nyumba ndiyo asali yenyewe, ilikuwa inatuaga na kuondoka. Tulichokuwa tunamimina kwenye chupa ni utamu uliobaki.

Asali mbichi ni ile ambayo haijaonja moto. Imetoka kwenye sega, imechujwa kwa kitambaa, ikabaki na vumbi lake la maua na chembe za nta. Ikiganda, mwache mteja aile ilivyoganda, kwa kijiko. Akikataa kabisa, iweke chupa juani, au iweke ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia. Mkono ukikataa, maji hayo ni ya moto mno kwa asali pia. Hili nimelijua miaka mingi, na bado nikaendelea kupika. Ngoja nikuambie sababu, maana usipoijua utadhani mama yako alikuwa mwizi tu.

Ulikuwa na miaka mitano. Idi ilikuwa inakaribia, na mama mmoja wa mtaani kwetu akaniagiza jerikeni nzima ya asali ya kulia gurusa, zile chapati zetu laini za sikukuu. Ilikuwa oda yangu ya kwanza kubwa tangu haboba aniachie meza yake sokoni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na wanawake wote wa safu yetu walikuwa wananitazama waone kama meza itanishinda.

Aliyeniletea ni mtu wa Ajia anaitwa Adriko. Mrefu, mkavu, haongei sana, ana mizinga ya magogo kwenye miti ya kwao. Alikuja na baiskeli, jerikeni imefungwa nyuma kwa mpira. Ilikuwa asubuhi ya mvua, baridi. Nikafungua kifuniko, nikakuta asali imeganda, nyeupe nyeupe, ina punje, kama samli iliyolala nje. Yule mama mwenye oda alikuwa amesimama hapo hapo. Akachungulia.

"Mariamu, hii si ni sukari?"

Sikujua. Sauda, hilo ndilo neno ambalo nilipaswa kulisema: sijui. Badala yake nikaomba kiberiti. Unajua watu wanavyosema, kwamba njiti ikichovywa kwenye asali halisi bado itawaka. Nikachovya njiti, nikaikwaruza, haikuwaka. Nikachovya ya pili, haikuwaka. Basi nikasimama juu ya kigoda ili safu nzima inisikie, nikasema, "Mnaona? Huyu mzee ametia sukari!"

Soko letu unalijua. Hawakungoja.

"Eh, mzee, siku hizi nyuki yako inakwenda duka?"

"Inanunua kilo ngapi?"

"Muulize kama inakunywa na chai!"

Adriko alisimama tu. Wala hakuwa mzee wakati ule, nilimwita mzee kwa dharau. Alirudisha kifuniko, akakaza, akafunga mpira wake pole pole huku watu wanacheka. Alipomaliza ndipo akaniangalia. "Mama," akasema, "nyuki hana kiberiti." Akasukuma baiskeli akaondoka.

Shangazi yako Rehema alikuwepo. Alikuwa amekuja Arua siku hiyo kununua simsim, amekaa nyuma yangu anatafuna karanga. Aliinuka, akajipangusa maganda kwenye nguo, akamfuata Adriko hadi barabarani, na ile jerikeni ikaenda Koboko juu ya lori. Tangu siku hiyo Adriko hajakanyaga soko letu. Kila msimu asali yake inakwenda kwa Rehema. Meza yake umeiona ilivyo, watu wanatoka mbali kuitafuta. Meza ile imesimama juu ya jerikeni niliyoikataa mimi.

Njiti haiwaki kwa sababu imeloa, basi. Asubuhi ya mvua njiti inasumbua hata bila asali. Na sukari iliyopikwa ikawa nzito, ukichovya njiti ndani yake inawaka vizuri kabisa. Nilijaribu mwenyewe baadaye, nimefunga mlango kwa aibu.

Sasa oda ninayo, asali sina, Idi ni keshokutwa. Akaja mwanamume mmoja na pikipiki, akasema ametoka Vurra, asali yake imevuka mpaka. Huenda ilivuka, huenda ilipikwa hapa hapa Arua nyuma ya nyumba ya mtu, mimi sikuuliza. Ilikuwa laini, rangi ya dhahabu, inateremka bila kukatika. Njiti iliwaka mara ya kwanza. Nikanunua jerikeni mbili, moja ya oda, moja ya meza. Watu walikula Idi yao wakasifu.

Sehemu hii imenifanya nisimame mara mbili nikaenda kuangalia kama unakuja.

Wiki moja baada ya Idi ulivuta sufuria ya uji ikakumwagikia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekupa mgongo, nachambua simsim. Ulipopiga kelele, kitu cha kwanza nilichokifanya hakikuwa kukumwagia maji. Nilikimbilia chupa. Haboba alikuwa akitupaka asali tukiungua, nami nikakupaka ile ya mtu wa pikipiki, tabaka nene, kutoka kiwiko hadi kifundo, nikafunga kitambaa, nikajiona mama mwenye akili. Ulilia usiku mzima. Asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye mkeka wako. Siku ya tatu ulikuwa huli, na kitambaa kinanuka, ndipo nikakubeba hospitali.

Nesi alikifungua taratibu akiwa ameuma meno. "Umepaka nini hapa?"

"Asali."

Akainua kitambaa mpaka puani. "Asali gani, mama? Hii ni sukari iliyounguzwa." Halafu akanigeukia vizuri. "Na hata ingekuwa asali ya peponi, mtoto akiungua ni maji safi ya baridi, mengi, halafu mnakuja hapa mbio. Umesikia? Mbio."

Hilo kovu umekuwa ukiwaambia watu ni la uji. Uji ulikuwa na sehemu yake, lakini nesi alisema ungekuachia alama tu, ya kufifia. Hilo lililokunjamana, lililovuta ngozi mpaka karibu na kifundo, ni langu. Ni la chupa ile. Umevaa mikono mirefu hata kiangazi, nami nimekuwa nikikuangalia ukivuta mkono wa gauni mbele ya wageni, na nikanyamaza. Nilisema nitakuambia ukifika miaka kumi. Ukafika kumi. Nikasema ukivunja ungo. Kesho unaondoka na sina tarehe nyingine ya kusogeza.

Baada ya hapo ungedhani nimejifunza. Nilichojifunza ni kuogopa. Nilianza kununua kwa warina wa kweli wa Aroi, watu ninaowajua, lakini kila asali ilipoganda nilisikia ile sauti: si ni sukari? Sikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya kila mteja nikimweleza. Kupika kulikuwa rahisi. Mtu akichoka anaona afadhali aharibu kitu kizuri kuliko kukitetea. Ndiyo sababu, wala sikuambii ni sababu nzuri.

Wiki mbili zilizopita Rehema alinipigia. Adriko amesikia kwamba msichana atakayekuja kuonja ni wako, akamwambia hivi: "Kama iko mtoto ya yule mama ya kiberiti, mimi asali yangu naipeleka kwingine." Rehema hakulalamika. Alisema tu, "Mariamu, mimi ulimi sina, na sasa huenda hata asali nisiwe nayo." Bila Adriko, meza ile haimalizi msimu, na wewe utarudi Arua kabla hujakunjua kitanda.

Kwa hiyo Ijumaa ile niliyokuaga kwamba nakwenda kwa fundi cherehani, sikwenda kwake. Nilikwenda Ajia kwa pikipiki. Na shavu langu lililovimba, ambalo nilikuambia ni jino, halikuwa jino.

Nilitaka kwenda kwa heshima. Nilivaa nguo yangu ya Idi, nikaifukiza udi kama ninakwenda kwenye harusi, nikajipaka na yale mafuta ya haboba. Mtu anakwenda kuomba radhi kwa mrina asali na amejipamba hivyo! Nilipoingia uani kwake tu nikamwona kwa mbali anainua mikono.

"Simama hapo! Usikuje!"

Nikadhani ananifukuza. "Adriko, nimekuja kwa amani."

"Amani iko baadaye! Wewe unanukia! Kimbia!"

Nilikimbia, lakini upande wa mizinga. Nyuki mmoja alinipata shavuni, wa pili shingoni, wa tatu alinaswa kwenye shela akaimba mpaka nikaitupa. Adriko alinivuta mkono akanisukuma jikoni kwenye moshi, ambako mke wake alikuwa anapika. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu mutu ya mji," akasema, "amekuja kama shamba ya simsim imetoa maua. Nyuki watafanya nini?"

Niliponyanyua mkono nivute mwiba, Adriko akanikamata. "Usivute. Kwangua." Akaukwangua kwa ukucha kama anatoa tope kwenye kiatu. Ndipo akaniuliza, "Wewe iko nani?"

"Mama Sauda. Wa Arua."

Akaniangalia. "Wa kiberiti."

"Wa kiberiti."

Alitoka nje, nikamfuata mpaka chini ya kibanda, nimejifunika gunia la mke wake. Alikuwa anasugua nta ndani ya mzinga mpya ili nyuki waupende. Nikamwambia yote, njiti, pikipiki, uji. Hakuniangalia. Nilipofika kwenye mkono wako, mikono yake ikasimama.

"Mtoto iko sawa?"

"Yuko sawa."

"Mkono inafanya kazi?"

"Unafanya."

Akaendelea kusugua. Halafu akasema maneno ambayo ninakuandikia kama alivyoyasema, maana nimeyarudia njiani kote: "Mimi siku ile sikukasirika juu ya sukari. Watu wanasema maneno mingi. Mimi nilikasirika kwa sababu hukuniuliza. Nilitoka hapa na giza, mvua inanipiga, nilikuwa nasimama mbele yako hivi. Ungesema, Adriko, kwa nini asali yako iko hivi? Ningekujibu. Wewe uliuliza kiberiti."

Shavu lilikuwa limeshaanza kuziba jicho.

Aliniletea asali iliyoganda kwenye kikombe, akanipa kijiko. Nikaiweka kwenye ulimi. Sauda, sijui nikuelezeje. Nimeuza asali karibu nusu ya maisha yangu, na nilikuwa nimesahau. Ilianza tamu, ikawa na uchachu kidogo, ikawa kama jani lililosagwa mkononi, halafu ikanikwaruza kooni na kukaa hapo. Niliposema hivyo, alitikisa kichwa kidogo, kama mwalimu ambaye hataki ujue kwamba umepata.

Kisha akatoa shauri lake. Siku yako ya kwanza ya soko ataleta jerikeni mbili. Moja ni yake, nyingine si yake. Zote zimeganda. Hatakuambia ipi ni ipi. Ukichagua ya kwake, anaendelea na Rehema. Ukikosa, anakwenda zake.

"Na mimi nimwambie mtoto?" nikamuuliza.

"Mwambie. Kumwambia hakumpi ulimi."

"Na akitaka kukuuliza kitu?"

Hapo ndipo akaniangalia tena usoni. "Aulize," akasema. "Mimi niko na miaka kumi na moja nangoja mutu aulize."

Kwa hiyo sikiliza. Usichague kwa sababu imeganda, wala usikatae kwa sababu imeganda. Asali ya msimu wa alizeti huganda upesi, nyingine hukaa miezi, na hata sukari mtu akiipika vibaya huganda. Yule mjanja wa pikipiki leo angeleta iliyoganda kama angejua ndiyo tunayoitaka. Njiti, karatasi, glasi ya maji, sisimizi, hayo yote waachie watu wanaopenda maonyesho.

Fungua kifuniko, kwanza nusa. Ikinukia kama pombe, au ikitoa pumzi kama soda, au juu pamejitenga maji na povu, hiyo ilirinwa kabla nyuki hawajafunika sega kwa nta. Nyuki hufunika asali ikishaiva, kabla ya hapo bado ina maji yake, nayo itachacha. Ikinukia moshi mtupu kama jiko, mrina alikuwa mwoga, aliwachoma nyuki badala ya kuwafukiza. Halafu weka kidogo kwenye ulimi, usimeze. Ngoja. Sukari ina neno moja tu, ikilisema imemaliza. Asali itakuwa bado inaongea. Rangi isikutishe, nyeusi na nyeupe zote zinatoka kwa maua. Na mteja akikuambia anamtafutia mtoto mchanga, hata ya kumgusisha ufizi tu, mwambie angoje mtoto atimize mwaka. Hilo ni la nesi yule yule, aliniambia nikiwa mlangoni, naye alikuwa amechoka kama mimi leo.

Ulimi wako utasitasita. Umezoea asali yangu iliyopikwa, na mara ya kwanza ile ya kweli inaweza kuonekana mbaya kwako. Ndiyo maana kwenye begi lako, chini ya gauni la kijani, nimeweka vitu viwili. Kimoja ni kopo dogo la asali ya Adriko, ile niliyoila kwake. Kula kijiko kila asubuhi, kabla ya chai, bila kuongea na mtu. Kingine ni chupa iliyozungushiwa kanga. Ni ile ya pikipiki. Miaka kumi na moja niliificha chini ya kitanda, bado inang'aa, bado inateremka, bado nzuri kuliko zote kwa macho. Usiile. Sijui nakupa ya nini hasa. Labda nimechoka kulala juu yake. Ukitaka kuimwaga barabarani, imwage.

Watu wakikuuliza wewe ni wa nani, usilifiche jina langu. Adriko akiomba kuuona mkono wako, uamue mwenyewe, usimwonyeshe kwa ajili yangu na usiufiche kwa ajili yangu. Radhi yangu nimeshaipeleka kwa miguu yangu na kwa shavu langu. Wewe sikutumi radhi. Na wewe hujaniambia kama umenisamehe, kwa sababu ndiyo kwanza unasikia. Huna haja ya kuharakisha. Mimi nilichukua miaka kumi na moja kusema.

Ile sufuria nyeusi nimempa jirani ya kupikia maharage. Meza yetu tangu wiki hii ina asali iliyoganda. Juzi mteja aliniambia ni sukari. Nikampa kijiko. Hakununua. Leo amerudi, akasimama mbali kidogo, akaniuliza imetoka maua gani.

Nakusikia langoni unacheka na mtu, kwa hiyo ninaikunja karatasi niitie kwenye begi lako.

Siku ya soko, Adriko atashusha jerikeni zake mbili, atafungua vifuniko, atakunja mikono, atangoja, maana ndivyo alivyo. Shangazi atakuwa anakuangalia, na meza yake yote iko mdomoni mwako. Usiharakishe. Kabla ya kijiko, kabla ya kunusa, mwangalie usoni umuulize: imetoka maua gani, uliirina lini, kwa nini iko hivi.

Jioni nipigie simu. Usianze na jerikeni uliyochagua. Anza kwa kuniambia alikujibu nini.

Mama yako,
Mariamu